ZIWA RWIHINDA NA NCHI YA BUGESERA
Historia fupi kwa wana wa kaskazini na wazazi wao

Kamati ya jumuiya imewaomba walimu waandike kila mmoja juu ya sehemu ya nchi anayoifahamu, ili toleo hili la kumbukumbu lisijae hotuba na salamu tu. Wenzangu wameandika juu ya Gitega na ngoma zake, juu ya Uvira, juu ya Rumonge na mawese yake. Mimi nimechagua ziwa dogo ambalo wengi wenu hamjapata kulisikia. Linaitwa Rwihinda. Lipo kaskazini mwa Burundi, karibu na mji wa Kirundo, katika eneo lililokuwa mkoa wa Kirundo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2025 yalipoliweka ndani ya mkoa mpya wa Butanyerera. Ukubwa wake ni kilomita za mraba nne hivi. Mtu wa Bujumbura aliyezoea kutazama Tanganyika akiletwa pale atauliza ziwa lenyewe liko wapi.

Sababu ya kulichagua si mapenzi ya kwetu peke yake. Familia nyingi za kaskazini zilizomo humu kambini zinazungumza habari za kurudi, wengine wameshajiandikisha, na katika hao wapo ambao mashamba yao yanagusa maji ya maziwa yale. Watoto wao waliozaliwa hapa hawalijui eneo hilo hata kidogo. Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu kila mmoja aseme jambo moja analolijua juu ya Kirundo, na karibu wote walisema neno moja: njaa. Jibu lile si la uongo, lakini halitoshi kumrudisha mtu nyumbani akiwa na akili ya kuishi pale.

Tuanze na maji yenyewe. Tanganyika ni ufa mkubwa wa ardhi uliojaa maji, ndiyo maana kina chake kinapita mita 1,400. Maziwa ya kaskazini asili yake ni nyingine kabisa. Zamani sana palikuwa na mito midogo iliyoshuka kutoka vilimani kuingia katika mito mikubwa ya Nyabarongo na Akanyaru. Mito mikubwa ilipofurika ilileta udongo na mchanga, ikaumwaga pembeni, na udongo ule ukaziba midomo ya mabonde madogo. Maji yakakosa njia ya kutokea, yakatuama. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa Rweru, Cohoha, Rwihinda, Kanzigiri, Gacamirinda na wenzao. Mtu akiangalia ramani ataona maziwa haya yana vidole vidole kama mkono uliokunjuliwa. Kila kidole kilikuwa bonde la mto. Na kwa kuwa ni mabonde yaliyozibwa, maji yake ni ya kina kifupi. Jambo hili mlishike, kwa maana habari yote inayofuata inatoka hapo: ziwa la kina kifupi hukua upesi mvua ikizidi, na hupungua upesi mvua ikikosekana.

Na mvua pale ni chache. Wakati watu wa Kayanza na Muramvya wanapata mvua tele na baridi, nchi ile ya chini, yenye urefu wa mita 1,300 na kitu juu ya bahari, ina joto, na mvua yake ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 1,000.

Nchi hiyo jina lake la kale ni Bugesera. Leo jina hilo ni la wilaya upande wa Rwanda, na vijana wengi hudhani kwamba Bugesera ni ya Rwanda tu. Zamani ilikuwa ufalme unaojitegemea, wenye mwami wake wa ukoo wa Abahondogo na ngoma yake ya enzi iliyoitwa Rukombamazi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: kukomba ni kukomba, na amazi ni maji. Ngoma inayokomba maji! Watu wa ufalme ule walijua nchi yao ni ya namna gani.

Ufalme wa Bugesera ulikuwa mdogo katikati ya wakubwa wawili. Mwishoni mwa karne ya 18 ulivunjwa. Mwami wake wa mwisho, Nsoro Nyabarega, alishindwa, Rwanda ikachukua upande wa kaskazini, na Burundi ikachukua kusini. Katika masimulizi ya Burundi upanuzi huu unahusishwa hasa na Ntare Rugamba, yule mwami aliyeikuza nchi kuliko wote kabla yake. Kwa hiyo mpaka unaopita katika maziwa yale haukubuniwa na Wazungu kwa rula, kama tunavyopenda kusema juu ya mipaka yote ya Afrika. Wazungu waliukuta, wakautia wino. Nasema hivi kwa sababu katika mazungumzo ya hapa kambini kila balaa hutupiwa wakoloni, na mwalimu wa historia hawezi kunyamaza hata kama jambo halipendezi.

Hata hivyo wakoloni nao wana kisa chao na maji yale. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika Karagwe, akauona mto Kagera, akasikia kwa wenyeji habari za maji makubwa ya Akanyaru upande wa magharibi. Akayaweka kwenye ramani kama ziwa kubwa, na kulipa jina la binti wa kifalme wa Ulaya, Alexandra. Ramani hizo zikasomwa miaka kumi na sita. Mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann alipita Burundi, akavuka hadi Rwanda kwa siku chache kulitafuta ziwa hilo, akagundua kwamba Akanyaru ni mto wenye kinamasi kipana cha mafunjo. Wengi hucheka kisa hiki wakidhani wenyeji walimdanganya Stanley. Mimi sidhani. Mtu aliyesimama kilimani wakati wa masika na kuona bonde zima linang'aa maji toka upande huu hadi ule, akisema ni ziwa, amesema alichokiona. Kosa ni la yule aliyetaka ziwa liwe na ukingo mmoja mwaka mzima.

Basi kwa muda mrefu nchi hii haikuwa na watu wengi. Joto, malaria, mbung'o na uhaba wa mvua viliwafanya watu wabaki vilimani, wakaiacha Bugesera kwa wafugaji, wawindaji na wavuvi. Katika karne ya 20 vilima vya Ngozi na Kayanza vilipojaa, wasio na ardhi waliteremka kaskazini wakafyeka na kulima. Udongo uliokuwa umepumzika ukawapa maharage na mtama kwa wingi, hata Kirundo ikaitwa ghala ya nchi. Maharage yake yalipakiwa kwenye malori mpaka Bujumbura. Watoto wanaosema "njaa" wawaulize babu zao habari za malori hayo.

Pia nchi hii imekuwa njia ya wakimbizi, na si ya kuelekea upande mmoja. Kuanzia mwaka 1959 Wanyarwanda walivuka kwenda kusini kuokoa maisha yao, na wengine walihamishiwa na utawala wa wakati ule Nyamata, ng'ambo ya Cohoha, mahali palipokuwa pori la mbung'o. Agosti 1988, baada ya mauaji ya Ntega na Marangara, makumi ya maelfu ya Warundi walivuka Akanyaru kuingia Rwanda. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, walivuka tena kwa mamia ya maelfu, wengine Rwanda, wengine Tanzania na Zaire. Aprili 1994 ikawa zamu ya Wanyarwanda waliokimbia mauaji ya kimbari, na miezi michache baadaye wengine wakajaa katika kambi za Kirundo na Ngozi. Kanisa la Nyamata, ambamo maelfu waliuawa, leo ni makumbusho, na mwaka 2023 liliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Kutoka huko mpaka ufuko wa kusini wa Cohoha si mbali.

Gazeti hili si mahali pa kupimana vidonda, na kamati imekuwa na hekima kulikataza jambo hilo. Nimeyataja haya kwa miaka yake kwa sababu moja: katika ufuko wa maziwa yale hakuna familia inayoweza kusema haikupata kumpokea mkimbizi au kupokewa. Aliyekuwa mwenyeji mwaka huu alikuwa mgeni mwaka ule.

Sasa turudi Rwihinda penyewe, maana kuna jambo la kutazama huko na si la kusikitika tu. Wazungu waliliita Ziwa la Ndege, na kwa hili walisema kweli. Ziwa limezungukwa na mafunjo, ambayo kwa Kirundi tunaita urufunzo. Mwenye sikio ataona ni neno moja lililogawana nyumba. Mtu huingia kwa mtumbwi asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, na mpiga kasia hutumia upondo zaidi kuliko kasia kwa sababu maji ni mafupi. Wapo mnandi waliokausha mabawa juu ya miti mikavu, yangeyange weupe, bata wa aina nyingi, na furukombe ambaye sauti yake husikika kabla hajaonekana. Yupo umusambi, yule korongo mwenye taji ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Ndani ya mafunjo anaishi ndege mdogo mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa manjano. Haishi mahali pengine ila ndani ya mafunjo ya nchi zetu hizi za Maziwa Makuu. Mafunjo yakiisha, naye ameisha. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi huja ndege wa Ulaya wanaokimbia baridi, kisha hurudi kwao. Hao hawaulizwi karatasi.

Atakayekwenda asiishie hapo. Cohoha ni ziwa refu lenye vidole vingi, nusu yake ndogo ikiwa Rwanda. Rweru ndilo kubwa kuliko yote, kilomita za mraba mia moja hivi, nalo pia limegawanywa na mpaka. Katikati ya mawili hayo, upande wa Busoni, kuna msitu mkavu wa Murehe, miti ya miiba na nyasi ndefu, ambao ulikatwa sana kwa kuni na mkaa wakati wa vita baada ya 1993. Huko Rweru ndiko mto Akagera unapoanzia safari yake. Huenda Rusumo, ukapokea Ruvubu, ukaingia Ziwa Viktoria, na kutoka hapo ni Nile. Daraja la Rusumo wengi mnalijua kwa habari nyingine: mwishoni mwa Aprili 1994, kwa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walilivuka kuingia Ngara. Leo pale pana mitambo ya umeme ya megawati 80 ambayo Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana. Maji yanayoiendesha ni yale yale yanayochelewa katika mafunjo ya kaskazini.

Neno kuchelewa nimelichagua kwa makusudi. Kazi ya mafunjo ni kuchelewesha maji. Mvua inaposhuka kilimani huja na udongo. Mafunjo huusimamisha udongo, hushika maji kama sifongo, na huyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ukiyang'oa ukalima pale, mwaka wa kwanza utavuna vizuri mno, kwa sababu udongo ule ni mweusi na una unyevu. Mwaka wa pili pia. Kisha maji yanarudi nyuma, tope linaingia ziwani, na ziwa lililokuwa la kina kifupi linazidi kuwa fupi. Bonde lililozibwa mara ya kwanza kwa udongo wa mito mikubwa linazibwa mara ya pili kwa udongo wa mashamba yetu.

Serikali ililiweka Rwihinda chini ya hifadhi ya taifa mwaka 1980, lakini hifadhi ya karatasi haina nguvu mbele ya tumbo tupu. Ukame ulipoanza mwaka 1998 na kuendelea hadi 2000, mazao ya vilimani yalikufa, na watu walishuka na majembe kwenye mafunjo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Nakumbuka tope lililopasuka mahali ambapo tulizoea kuteka maji, na madawati yaliyobaki bila wenyewe kwa sababu familia zilikuwa zimehama. Ng'ambo, upande wa Rwanda, Cyohoha ya Kaskazini ilikauka. Januari 2005 serikali ya Burundi ilitangaza rasmi kwamba Kirundo na Muyinga zina njaa. Ghala ya nchi ikawa inapelekewa chakula cha msaada. Watu walivuka tena mpaka, safari hii bila mtu kuwafukuza kwa panga wala bunduki.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye ubishi, na sitaki kuupita kimya. Nilipozungumza haya katika mkutano wa wazazi, mzee mmoja wa Bugabira alisimama akasema: "Mwalimu, ndege hawalipi karo. Ukame ule mimi nilikula viazi vilivyotoka ndani ya urufunzo. Bila hivyo watoto wangu usingewaona hapa." Mkutano ulimpigia makofi, nami nakiri alistahili. Aliyelima mafunjo mwaka 2000 hakuwa mhalifu. Waliokosa ni wale waliokuwa na sheria mkononi tangu 1980 wasiwe na akiba ya mbegu wala chakula cha kumpa mtu waliyemkataza. Kumlinda ndege na kumwacha mkulima ni kazi nusu, na kazi ya namna hiyo huliwa na ukame wa kwanza.

Lakini nilimjibu mzee wangu kwa heshima, na namjibu tena hapa kwa maandishi. Viazi vile vilikuwa akiba ya mwaka mmoja iliyowekwa na mafunjo kwa miaka mingi. Akiba hiyo ikishaliwa, ukame unaofuata haukuti kitu. Tazameni jirani zetu. Kaskazini mwa Rwanda kinamasi cha Rugezi kilikaushwa kwa kilimo, na maji ya Ziwa Burera yakashuka hata mitambo ya umeme ya Ntaruka ikakosa maji mwaka 2003 na 2004, nchi ikaingia gizani. Serikali ile iliwaondoa wakulima kinamasini, jambo lililowaumiza wengi, ikazuia mifereji, na maji yakarudi baada ya miaka michache. Kinamasi kilichoharibiwa kinaweza kupona. Ziwa lililozibwa kabisa na tope sijasikia kwamba limepona.

Upande wetu hatua zipo. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inaweka mita 50 kutoka kwenye maji ya maziwa madogo kuwa mali ya umma, mahali pasipolimwa wala kujengwa. Kwa Tanganyika ni mita 150. Mwaka 2013 maziwa yote ya kaskazini pamoja na Murehe, jumla ya hektari zaidi ya 16,000, yaliingia katika orodha ya kimataifa ya maeneo ya maji yenye umuhimu, ile inayoitwa ya Ramsar. Hapo ndipo neno langu kwa wanaorudi lilipo. Wengi wenu mliondoka mwaka 2015 mkiwa na kumbukumbu ya shamba lililofika mpaka majini, na karatasi mliyo nayo, kama mnayo, inasema kijiji na mpaka wa jirani. Mkifika mkakuta miti au matete yamepandwa mahali palipokuwa na maharage yenu, msianze kumtuhumu jirani kwamba ameiba. Pimeni kwanza hatua kutoka kwenye maji. Ikiwa ni ndani ya mita 50, mwenye kuulizwa ni serikali, na swali la kumwuliza ni lini na wapi atawapa ardhi nyingine. Ikiwa ni nje ya mita 50, basi ni jambo la bashingantahe na jirani yako, na hapo uwe na mashahidi. Kesi hizi mbili zikichanganywa watu watagombana bure juu ya kipande ambacho hakuna kati yao atakayekilima.

Kwa wale ambao mashamba yao ni ya kilimani, lipo jambo jingine dogo. Udongo unaoingia ziwani unatoka kwenu. Mitaro ya kukinga maji, inayochimbwa kukata mteremko na kupandwa majani ya ng'ombe juu yake, tumejifunza kuichimba hata hapa kambini kwenye bustani za shule. Ilipochimbwa vizuri, mvua kubwa haikuondoka na mchicha wetu. Vijana waliojifunza kazi hiyo wasiache ujuzi wao hapa.

Nimechora ramani ya maziwa ya kaskazini kwenye karatasi nne zilizounganishwa, na imebandikwa katika darasa la sita, ukuta wa upande wa dirisha. Majina ya maziwa na mito yapo. Majina ya vilima na vivuko vya mitumbwi bado ni machache, hasa upande wa Busoni na ule wa Bwambarangwe. Wazee na akina mama wanaoyajua wanaombwa wapite Jumamosi yoyote asubuhi, penseli ipo. Wanaorudi na safari za karibu waje kwanza, kabla hawajaondoka na majina hayo.